Jina la Kila Kipande cha Kiti

MASWALI YA WASOMAJI: UKURASA WA USEREMALA

Barua nyingi za safari hii zimehusu viti. Tumeitanguliza ile ya majina, kwa sababu asiyejua kukitaja kipande hawezi kumweleza fundi kilichoharibika, wala kumkatalia alichokosea.

*Nataka kuagiza viti sita vya mninga vya meza ya chakula. Kila nikienda kwa fundi naishia kusema "ile mbao ya chini" na "ile ya katikati", kiti kinakuja sicho. Naomba majina ya vipande vyote, na vipimo kama vipo.* (Msomaji, Buzuruga, Mwanza)

Tuanze sakafuni tupande juu.

Miguu ni minne lakini haifanani. Ya mbele inakoma kwenye kikalio, kama sentimita 45 kutoka chini. Ya nyuma inapita hapo, inaendelea mpaka kichwani na kubeba egemeo, jumla sentimita 90 hivi. Mguu wa nyuma ni kipande kimoja kutoka chini hadi juu. Hilo likazie kabla ya kutoa malipo ya awali, maana fundi anayebana mbao anaweza kutengeneza miguu minne mifupi, kisha akapachika mgongo juu yake kwa skrubu. Kikiwa kipya hutaona tofauti. Utaiona siku mgeni mnene atakapoegemea.

Kinachomfanya fundi abane ni kwamba mguu wa nyuma unakula mbao. Haujanyooka: kuanzia kwenye kikalio unalala nyuma, na kule juu ncha yake imeachana na mstari wa mguu kwa sentimita 6 hivi. Lakini ubao wa inchi 2 kwa 6 hutoa miguu miwili ikipangwa mmoja ndani ya pindo la mwenzake, kila mmoja upana sentimita 4. Mbao ya futi 12 inatoa jozi 4 za sentimita 90, yaani miguu ya nyuma ya viti vinne, mradi ncha zake hazina nyufa. Zikiwa nazo, hesabu jozi 3, na kinachobaki kitoe miguu ya mbele. Usimwombe fundi azidishe pindo ili kiti kionekane cha fahari. Likizidi, nyuzi za mti zinakatwa mshazari pale kwenye kona, na mguu utavunjikia hapo hapo.

Kinachoishika miguu kule juu ni fremu ya kikalio, mbao nne: ya mbele, ya nyuma na mbili za ubavuni. Unene wake sentimita 2.5, upana 6 au 7. Upana ndio wa kugombania. Ubao wa upana wa sentimita 4 unaonekana mwepesi na wa kisasa, ila kiungo chake kina nafasi ndogo ya kushika, na kiti kinaanza kulia mapema. Ndani ya kila kona ya fremu hukaa kipande cha pembetatu kinachofungwa kwa skrubu mbili. Mteja hakioni mpaka akipindue kiti. Kipindue.

Chini ya fremu, kati ya mguu na mguu, kuna mataruma. Taruma ni kile kijiti au kiubao kinachofunga miguu isitanuke. Mpangilio unaodumu ni wa herufi H: taruma moja kila ubavu, sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafuni, na la tatu likiyaunganisha hayo mawili katikati. Taruma la mbele kabisa, mguu kwa mguu, halikatazwi, ila watu hulifanya ngazi ya kuwekea miguu, likalika na kulegea kabla ya mengine.

Egemeo, ambalo wengine huliita mgongo wa kiti, lina ubao wa kichwani, ubao wa chini yake, na fito zinazosimama katikati, tatu hadi tano. Ubao wa chini usikalie kikalio. Acha nafasi ya vidole viwili, la sivyo makombo ya ugali na mchanga yatajaa humo na hakuna kitambaa kitakachofika.

Juu ya fremu kuna kikalio. Upana wa mbele uwe sentimita 45, wa nyuma 40, kina 42, na nyuma kiwe chini kuliko mbele kwa sentimita moja na nusu ili mkaaji asiteleze. Kikiwa cha mbao tupu, mwambie fundi asikigandishe kwa gundi pande zote. Ubao mpana unapanuka wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, ukibanwa utapasuka. Skrubu za kutoka chini zipite kwenye matundu marefu kidogo ili ubao uweze kutembea.

Kiti chenye mikono huongeza vipande vinne: mikono miwili, sentimita 20 hadi 23 juu ya kikalio, na viguzo viwili vinavyoibeba kwa mbele. Kabla ya kuiagiza pima meza yako. Meza ya kawaida ni sentimita 75 kwenda juu, lakini mkono wa kiti hugonga ubao wa chini ya meza, haufiki juu.

Kiti kisicho na mikono, chenye fito nne na mataruma ya H, kina vipande 22. Ukifika karakanani sema hivi: "Fundi, miguu ya nyuma kipande kimoja, fremu upana sentimita saba, mataruma matatu ya H, viungo vya ndimi, sitaki misumari, na weupe wa mninga usiuingize." Ndimi ni ncha za mbao zilizochongwa nyembamba ili ziingie kwenye matundu ya miguu. Na hilo la weupe lina sababu. Moyo wa mninga, ule wa kahawia, wadudu hawauwezi. Ile sehemu nyeupe ya nje ndiyo inayobunguliwa, na ikishapakwa vanishi ya rangi nzito hutaijua mpaka uone unga sakafuni.

*Taruma si neno la kiti. Mimi ni fundi wa mitumbwi, na nijuavyo mataruma ni ya chombo cha majini. Mbona mafundi viti mnalichukua?* (Msomaji, Kirumba)

Hatujalichukua, tunalitumia pamoja. Kwenye mashua mataruma ni zile mbavu zinazoshika mbao za ubavuni zisifunguke maji yanaposukuma. Kwenye kiti yanashika miguu isifunguke uzito unaposukuma. Kazi ni ile ile. Na wewe ukiangalia vizuri utakubali kwamba mtumbwi ukianza kuvuja na kiti kikianza kuyumba, fundi wote wawili huanza kukagua mahali pamoja.

*Shikamooni mafundi. Najifunza useremala huku Sengerema, mwaka wa kwanza. Nimeletewa kiti kimelegea pale mguu wa nyuma unapokutana na ubao wa ubavuni wa fremu. Mwenzangu anasema nipige misumari miwili ya inchi tatu yaishe. Je, ni sawa?*

Marahaba. Usipige.

Kwanza elewa kwa nini kimelegea hapo na si kwingine. Mtu akiegemea, na hasa akikibinua kiti kwa miguu miwili ya nyuma, egemeo linakuwa mtaimbo, na kiungo hicho ndicho mahali mtaimbo unapokaziwa. Ndani yake kuna ulimi, yaani ncha ya ubao wa ubavuni iliyochongwa nyembamba, ukiwa umeingia kwenye tundu la mguu. Kila anapobinua, ulimi unasukwa juu na chini. Gundi ikikatika kidogo, mbao zinaanza kusagana, tundu linapanuka, na kuanzia hapo kila mkao ni msasa.

Msumari hauondoi nafasi hiyo. Unapita katikati yake. Kiti kitatulia siku chache, kisha ulimi utaendelea kucheza ukiuzunguka msumari na kuula. Mninga mkavu ukipigwa msumari wa inchi tatu bila kutobolewa kwanza hupasuka. Na atakayekuja kukitengeneza baada yako hataweza kukifungua bila kuvunja mguu.

Fanya hivi. Weka alama kwa penseli kila kiungo, namba ile ile pande zote mbili, kabla hujagusa nyundo. Ondoa skrubu za vipande vya kona. Kisha gonga taratibu kwa nyundo ya mbao, au ya chuma iliyozungushiwa kitambaa, ukigonga karibu kabisa na kiungo. Usifungue viungo vilivyo imara. Kama upande wa mbele umeshika, uache.

Hatua inayorukwa na wengi ni hii: kwangua gundi ya zamani yote, kwenye ulimi na ndani ya tundu. Gundi nyeupe ya mbao inashika kwa kunywewa na nyuzi za mti, na penye gundi kuukuu hakuna cha kunywa. Tumia patasi ikiwa imesimama, unaparura tu, usikate mti. Ukiona rangi halisi ya mbao, simama.

Sasa chomeka bila gundi. Ulimi unapaswa kuingia kwa kusukumwa na mkono, na ukikishika kiti ukakipindua usidondoke wenyewe. Ukiwa umelegea, bandika ubao mwembamba wa milimita moja au moja na nusu ubavuni mwa ulimi, nyuzi zikielekea upande mmoja na za ulimi, uache ukauke, kisha uuchonge taratibu mpaka ulingane na tundu. Maranda yaliyotoka kwenye randa yanatosha kama pengo ni dogo. Usijazie kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, hauna nguvu, ni wa kuzibia nyufa zinazoonekana.

Angalia pia urefu. Ulimi ukigusa mwisho wa tundu kabla mabega yake, yaani kingo za ubao pale ulimi unapoanzia, hayajakaa kwenye mguu, kiungo hakitafunga hata ukikibana mpaka kesho. Tundu liwe na kina cha milimita 2 zaidi ya ulimi. Na kwa kuwa mguu mmoja hupokea ndimi mbili, ya fremu ya ubavuni na ya fremu ya nyuma, ncha zake hukatwa kwa digrii 45 ili zikutane bila kupigana.

Paka gundi pande zote, unganisha, bana. Kama karakana haina klempu za kutosha, zungusha kamba mara mbili kwenye miguu usawa wa fremu, ingiza kijiti katikati ya nyuzi mbili za kamba na ukisokote mpaka gundi ichomoze kwenye kiungo. Weka kitambaa kwenye kona ili kamba isiache alama. Kabla hujaondoka, pima fremu kutoka kona hadi kona, kisha kona zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, kiti kimekaa sawa. Visipolingana, sogeza sasa hivi, kesho umechelewa. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa kibichi, maana ikikauka juu ya mbao vanishi haitashika hapo. Mpe mteja baada ya saa 24.

Ukija kutengeneza kiti kipya, unene wa ulimi uwe theluthi ya ubao. Kwa ubao wa sentimita 2.5 ni milimita 8. Mwenye patasi ya milimita 10 aitumie hiyo hiyo asijisumbue. Urefu wa ulimi sentimita 3. Na siri moja ya zamani: kausha zaidi mbao za fremu kuliko miguu. Ulimi mkavu ukiingia kwenye mguu wenye unyevu kidogo, ulimi utavimba na mguu utasinyaa, vikumbatiane. Ukifanya kinyume, kiti ulichokitengeneza Aprili kitalegea Agosti.

*Nitajuaje mbao imekauka? Muuzaji kila siku anasema "hii kavu kabisa".* (Msomaji, Igoma)

Usimsikilize muuzaji, isikilize mizani. Kata kipande cha nusu mita, si cha mwishoni mwa mbao, kipime kwenye mzani wa dukani, andika uzito na tarehe juu yake. Kiweke kivulini penye upepo pamoja na mbao nyingine, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti. Kila wiki kipime. Kitaendelea kupungua, kisha kitasimama. Kikisimama wiki tatu mfululizo, mbao zako zimefika. Mbao ngumu ya inchi 1 iliyotoka mbichi msituni hesabu miezi sita hadi mwaka. Kuianika juani kuharakisha ni kuipasua. Paini inayotoka shamba la miti la Buhindi hukauka upesi zaidi, ila kwa kuwa ni laini, miguu ya kiti chake iongeze hadi sentimita 5.

*Kiti changu kinayumba. Fundi amekata mguu mmoja, kikayumba upande mwingine, akakata na huo. Sasa kimekuwa cha mtoto.* (Msomaji, Musoma)

Pole. Huenda miguu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye fremu iliyojikunja, au hata kwenye sakafu. Kiti kinachoyumba kipeleke kwanza juu ya kitu kilichonyooka kweli, kama kioo kinene cha meza au plaiwudi iliyosawazishwa kwa pima maji. Kikitulia hapo, kiti ni kizima, sakafu ndiyo mbovu.

Kikiyumba hata hapo, usikate. Chomeka vijikabari vya karatasi ngumu chini ya mguu unaoelea mpaka kiti kitulie na kikalio kiwe sawa. Kisha tafuta kijiti chenye unene unaozidi kidogo pengo lile, kilaze juu ya plaiwudi, weka penseli juu yake na uizungushe kwenye kila mguu, yote minne. Mstari unaobaki ndio wa kukata. Unakata miguu yote mara moja kwa kipimo kimoja, na hakuna kurudia. Baada ya kukata, piga msasa kingo za chini, kwa sababu kingo kali hubanduka vipande kiti kikiburutwa.

*Nimechongewa kigoda cha miguu mitatu cha gogo moja, kama isumbi ya wazee. Baada ya miezi mitatu kimepasuka kutoka katikati hadi ukingoni. Je, mti ulikuwa mbaya?* (Msomaji, Magu)

Mti haukuwa mbaya, ulikatwa vibaya. Ukitazama ufa wako utaona umeanzia kwenye kiini, ile nukta ya katikati ya duara za gogo. Mti unaposinyaa, husinyaa zaidi kufuata duara kuliko kuelekea kiini, karibu mara mbili kwa miti mingi. Duara likitaka kuwa dogo na kiini kikakataa, lazima pafunguke mahali. Kwa hiyo kikalio kisichongwe kwenye gogo zima. Gogo hupasuliwa mara mbili kwanza, kiini kikatolewa, na kigoda kikachongwa kwenye nusu moja. Ndiyo maana kigoda kipana kinadai mti mnene, na mti mnene si wa kila mtu.

Kichongwe kikiwa kibichi, kwa tezo, kikiachwa kinene kuliko kinavyotakiwa kwa sentimita moja. Kisha kifukiwe kwenye maranda ndani ya gunia, kivulini, wiki sita au zaidi, ndipo kimalizwe kwa patasi na msasa. Ncha ambako nyuzi za mti zimekatika, yaani uso wa chini wa kila mguu, zipakwe nta au rangi, maana maji hutokea hapo upesi kuliko ubavuni.

Sehemu zake ni chache: kikalio kilichochimbwa kidogo katikati, miguu mitatu iliyopinda nje, na kwenye viti vya watemi, mgongo mrefu uliochongwa kutoka gogo lile lile bila kiungo. Kiti kimoja cha namna hiyo cha Unyamwezi, chenye sanamu ya mtu mgongoni, kiko kwenye makumbusho mjini Berlin. Hapa karibu, Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yana jengo zima la kuhifadhia ngoma za watemi lililojengwa kwa umbo la kiti chao. Miguu mitatu haiyumbi sakafu iwe vipi, na kwenye uwanja wa udongo hiyo ilikuwa faida kubwa. Hasara yake ni moja: ukiinamia kati ya mguu na mguu, unakwenda nacho.

Usichanganye na kiti cha enzi cha pwani, kile cha Lamu na Zanzibar. Hicho ni cha fremu na viungo, kikalio na mgongo vimesukwa kwa kamba, na kina pa kuwekea miguu.

*Kwenye kitanda, mfumbati na kitakizo ni kipi ni kipi?* (Msomaji, Bukoba)

Mfumbati ni mti mrefu wa ubavuni. Kitakizo ni ule mfupi wa kichwani na wa miguuni. Miguu ya kitanda ni matendegu, na upande wa kichwa ni mchago.

*Nina fremu ya kiti isiyo na kikalio. Nataka kukisuka kwa kamba. Ninunue mita ngapi?* (Msomaji, Geita)

Hesabu ni rahisi. Kikalio cha sentimita 40 kwa 40 ni sentimita za mraba 1,600, na kwa msuko unaofunika juu na chini ni 3,200. Kamba ya unene wa milimita 6 inafunika sentimita 0.6 kwa kila mstari, kwa hiyo gawa 3,200 kwa 0.6, unapata sentimita 5,333, yaani mita 53. Ongeza za kuzungukia mbao na za kufungia: nunua mita 60 hadi 65.

Kabla ya kuanza, mbao nne za fremu zichongwe kingo ziwe mviringo. Kona kali hukata kamba taratibu, na hukata upande wa chini usikoona. Nailoni inanyooka ikibebeshwa uzito, hivyo ivute kwa nguvu zako zote kila mzunguko, uibane kwa kijiti kilichochomekwa pembeni wakati unapumzika mkono, na kila baada ya mizunguko kumi gonga mistari kwa kibao ikaribiane. Katani hukaa vizuri zaidi mwilini na haitelezi, ila kiti chake kisilale nje kwenye umande. Mafundo yote yaangukie chini. Baada ya mwezi wa kukaliwa, pindua kiti ubonyeze katikati kwa kidole gumba: ikibonyea zaidi ya sentimita 3, fungua fundo la mwisho, vuta upya kutoka nje kuelekea katikati, ufunge tena.